Namna ya kuifundisha timu ya kombaini kuzungumza uwanjani

Kocha wa kombaini ya wilaya inayojiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, hupokea vijana wa shule mbalimbali, ambao wengi wao majuzi tu walikuwa wakikabana, na hupewa siku chache za kambi. Katika siku hizo hawezi kuwaongezea kipaji wala pumzi ambayo hawakuja nayo, lakini anaweza kuwapa lugha moja. Huu ndio utaratibu ninaoutumia, na baadhi ya hatua zake nilizijua baada ya kufungwa.

Hatua ya 1: Kubalianeni maneno

Kila shule huja na msamiati wake. Mwaka mmoja, tukiwa tunaongoza kwa bao moja, nilipaza sauti kutoka kwenye benchi: "Panda!" Nilikusudia safu nzima ya ulinzi isogee mbele ili washambuliaji wa wapinzani waotee. Mabeki wa kati walisogea. Beki wa kushoto, ambaye shuleni kwao neno hilo lilimaanisha aende kushambulia, alikimbia hadi karibu na kibendera cha kona. Beki wa kulia alibaki alipokuwa, kwa kuwa kwao aliyeambiwa "panda" siku zote alikuwa kiungo. Pasi moja ndefu ilipita upande ulioachwa wazi, mshambuliaji hakuwa ameotea kwa sababu ya yule aliyebaki nyuma, na kipa wetu akajikuta peke yake. Vijana walilaumiana, ingawa mwenye kosa nilikuwa mimi.

Tangu hapo, siku ya kwanza ya kambi, kabla mpira haujaguswa, tunakaa kivulini na karatasi ya manila na kuandika maneno yasiyozidi kumi, kila moja na maana moja. Kwetu "mtu" ni mpinzani anayekuja mgongoni, "geuka" ni kwamba una nafasi, "laini" ni safu ya ulinzi isogee, na "panda" limebaki kwa mabeki wa pembeni peke yao. Epukeni maneno yanayofanana kwa sauti: "achia" na "angalia" hayatofautiki katikati ya ngoma na vuvuzela. Neno "wangu" nimeliondoa, kwa sababu mwamuzi akiona limetumika kumhadaa mpinzani, anaweza kutoa kadi ya njano na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Anayeufuata mpira na ataje jina lake.

Hatua ya 2: Amueni nani anamwambia nani

Aliye nyuma humwelekeza aliye mbele yake, kwa kuwa ndiye anayeuona uwanja: kipa kwa mabeki, beki wa kati kwa kiungo mkabaji, kiungo kwa washambuliaji. Kwenye benchi, sheria za mchezo humruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja kutoa maelekezo ya kiufundi. Hata kama zisingesema hivyo, kijana anayeelekezwa na kocha, msaidizi na meneja wa timu kwa pamoja hamfuati yeyote.

Hatua ya 3: Fanyeni mazoezi ya sauti

Chezeni nusu uwanja kwa dakika 10 bila mtu kutoa sauti, kisha dakika 10 nyingine ambazo bao halihesabiwi ikiwa pasi ya mwisho haikutanguliwa na neno. Katika kipindi cha ukimya wataona wenyewe ni mara ngapi mtu hunyang'anywa mpira na mpinzani ambaye wenzake wote walimwona.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Kijana wa kidato cha pili huona ni utovu wa adabu kumwamrisha kaka wa kidato cha sita, naye hunyamaza hata pale anapoiona hatari kabla ya wote. Kumwambia "ongea" hakusaidii, kwa sababu ruhusa anayoisubiri si ya kocha. Mimi humwomba nahodha amwambie kijana huyo mbele ya wote: "Ukiniona nimezubaa, niite, hata kwa ukali." Kisha nahodha hujizubaisha makusudi mazoezini, naye hucheza tena pale tu anapoitwa.

Hatua ya 4: Wakati wa mchezo

Taja jina kwanza, neno baadaye, na usimwelekeze mwenye mpira. Winga aliye upande wa pili hakusikii; mtumie ujumbe kupitia kiungo aliye karibu, mpira ukiwa umetoka.

Hatua ya 5: Mapumziko

Sheria inatoa dakika zisizozidi 15, na kutembea na kunywa maji huzila kadhaa. Dakika za mwanzo mimi hunyamaza, wapumue. Kisha humwuliza kipa na kiungo mkabaji wanachokiona, ndipo niseme mambo mawili, si zaidi. Usiulize "Mmeelewa?" kwani jibu litakuwa "Ndiyo, mwalimu" kwa sauti moja, pamoja na yule aliyekuwa akifunga kamba za viatu. Uliza: "Wakipata kona, wewe unasimama wapi?"

Hatua ya 6: Wanachokuficha

Mchezaji anayeogopa kupoteza namba huficha maumivu, kwa hiyo wape wenzake jukumu la kusema. Aliyegongwa kichwani akapata kizunguzungu, au anayeuliza matokeo mara mbili, atoke na asirudi siku hiyo, hata akiapa kwamba ni mzima.

Aliyekosea usimseme baada ya kipenga cha mwisho. Subiri asubuhi, mwite mahali ambapo wenzake wanawaona lakini hawawasikii, na umwachie yeye aanze kueleza alichokiona.