Kabla ya kupokea kripto kwa maudhui ya watu wazima, jua kwanza pesa itatokaje

Mteja anaandika: "Nalipa kwa USDT, nitumie anwani." USDT ni kripto, yaani sarafu ya kidijitali, inayofuata thamani ya dola, na anwani ni namba ya kuipokelea. Wengi hapo hukimbilia kuuliza pochi ipi ni nzuri. Pochi, programu ya kutunzia sarafu hizo, ni kazi ya dakika tano. Kinachoamua ni jinsi pesa hiyo itakavyotoka humo hadi ilipe kodi ya nyumba, na nani atakuwa ameiona njiani. Kama huwezi kuichora njia hiyo yote kwenye karatasi, endelea kukataa, hata mteja awe na haraka kiasi gani.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayeuza picha, video au maonyesho ya kamera pale ambapo sheria inamruhusu. Kripto haibadilishi uhalali wa kazi yenyewe.

Kripto inachotibu

Malipo ya kadi yana ugonjwa unaojulikana na kila aliyemo kwenye kazi hii: mteja anatazama, anaridhika, kisha anaiambia benki yake kwamba hakununua kitu. Kwa madai mengi ya kadi za Visa na Mastercard ana takriban siku 120 za kulalamika, na PayPal humpa siku 180. Pesa inarudi kwake, na mara nyingi wewe unakatwa ada juu yake.

Ugonjwa wa pili ni kufungiwa. Novemba 2019 PayPal iliacha kuwalipa watengenezaji wa maudhui wa Pornhub. Desemba 2020 Visa na Mastercard zikaacha kupokea malipo kwenye tovuti hiyohiyo. Agosti 2021 OnlyFans ilitangaza kupiga marufuku maudhui ya wazi ya ngono, ikasema chanzo ni mabenki, kisha ikageuza uamuzi ndani ya wiki moja. Mtu aliyekuwa na njia moja tu ya kulipwa alilala na kazi akaamka bila kazi.

Kripto hutibu yote mawili kwa kiasi kikubwa. Muamala ukishathibitishwa hakuna wa kuurudisha, na mtandao wenyewe hauulizi unauza nini. Lakini "hakuna wa kuurudisha" inakuhusu na wewe: ukituma kwa anwani isiyo sahihi, hakuna dawati la kulalamikia.

Jambo moja husahaulika. Kadi ilikuwa inasaidia, japo kidogo, kuwachuja watoto. Anwani ya kripto haina umri, kwa hiyo kazi ya kuthibitisha kwamba mnunuzi ni mtu mzima inahamia kwako. Pia, majukwaa mengi yanakataza kuwahamisha wateja wao kwenda kulipa nje. Akaunti yenye wafuasi wa miaka mitatu haifai kuchomwa kwa ajili ya malipo ya dola 30.

Anza na mlango wa kutokea

Kabla ya kumwambia mteja yeyote kwamba unapokea kripto, fanya jaribio kwa pesa yako mwenyewe. Nunua sarafu za dola 20 kwenye soko la kubadilishia, zitume kwenye pochi yako, zirudishe sokoni, ziuze, kisha toa pesa hadi benki au kwenye simu. Andika kila ada na kila saa uliyosubiri. Ikirudi dola 16, usishtuke ukaacha: ada nyingi za kutoa ni kiasi kimoja bila kujali ukubwa wa pesa, kwa hiyo dola 200 haitapoteza 40. Jaribio linakuonyesha kiwango cha chini kinachofaa kutolewa kwa mkupuo mmoja. Hicho ndicho unachotafuta.

Soko lenye kudai kitambulisho ndiyo njia iliyo wazi zaidi. Soma masharti yake kabla ya kujisajili, kwa sababu baadhi yanataja huduma za ngono miongoni mwa biashara wasizozipokea. Likikuuliza chanzo cha pesa, jibu la kweli na fupi linatosha: "mauzo ya maudhui ya kidijitali", pamoja na ankara. Usidanganye. Akaunti ikifungwa kwa uongo ni vigumu kuifungua, na pesa yako imo ndani. Usifanye soko kuwa benki pia. Novemba 2022 soko la FTX lilipofilisika, waliokuwa wamehifadhi sarafu zao humo walibaki kusubiri mahakama.

Kuuza kwa mtu kwa mtu, kupitia soko linaloshikilia sarafu hadi uziachie, ni njia ya pili, na ndipo akaunti za benki zinapofungwa. Mnunuzi anakulipa kutoka akaunti ya mtu mwingine, pesa ilikuwa ya wizi, mwenye pesa anaripoti, benki inaizuia akaunti yako. Kwa hiyo jina la aliyetuma lifanane herufi kwa herufi na jina lililothibitishwa sokoni. Likitofautiana, rudisha pesa na ufute biashara. Usiachie sarafu kwa sababu ya ujumbe wa simu au skrinshoti. Fungua akaunti yako, uone salio, ndipo uachie.

Sarafu ipi, mtandao upi

Bitcoin ilikuwa karibu dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ikashuka chini ya 16,000. Anayelipwa leo kwa kazi ya leo hana sababu ya kubeba mtikisiko huo. Ukipokea Bitcoin, badilisha siku hiyohiyo sehemu unayohitaji kwa matumizi. Kinachobaki ni kamari yako, usikiite mshahara.

Sarafu thabiti kama USDT na USDC hufuata dola, ingawa "thabiti" ni lengo tu. Machi 2023 USDC ilishuka kwa muda hadi chini ya senti 90 baada ya benki iliyoshikilia sehemu ya akiba yake kuanguka, ikarudi ndani ya siku chache. UST, iliyotegemea mfumo wa programu badala ya akiba ya dola, ilianguka Mei 2022 na haikuinuka. Jambo jingine: kampuni zinazotoa USDT na USDC zina uwezo wa kugandisha sarafu zilizo kwenye anwani fulani, na hutumia uwezo huo.

Mtandao, yaani njia ambayo sarafu husafiria, ni muhimu kuliko jina la sarafu. USDT ya Tron na USDT ya Ethereum husafiri njia tofauti kabisa. Anwani ya Tron huanza na T na ina herufi 34. Ya Ethereum huanza na 0x ikifuatiwa na herufi 40, na mitandao mingine kama Polygon, BNB Chain na Arbitrum hutumia anwani za sura hiyohiyo. Hapo ndipo watu hupotea. Mteja akituma kwa Polygon kwenye pochi yako mwenyewe, unaweza kuzipata kwa kuongeza mtandao huo. Akituma kwenye anwani ya soko lisilopokea Polygon, jiandae kuomba msaada kwa wiki kadhaa, na jibu linaweza kuwa hapana. Mwandikie mteja mtandao kwa jina kila mara, usimwachie akisie.

Ada ya kutuma humkata mtumaji, kwa hiyo malipo yanaonekana ya bure siku ya kwanza. Zamu yako inakuja unapozihamisha. Kwa kawaida USDT iliyoko Tron haitoki bila TRX kidogo, sarafu ya mtandao huo ya kulipia ada, ndani ya anwani hiyohiyo, na iliyoko Ethereum haitoki bila ETH. Ndiyo sababu unasikia mtu ana dola 80 anaziona kwa macho na hawezi kuzigusa.

Kila mtu anaona

Watu huingia kripto wakidhani ni siri. Bitcoin, Ethereum na Tron zote zina daftari la umma. Mteja aliyekulipa dola 40 anabandika anwani yako kwenye tovuti ya kutafutia miamala, na kwa sekunde mbili anaona umeingiza kiasi gani tangu mwanzo, saa ngapi wengine hulipa, na pesa ilikwenda wapi. Hapo ataanza kubishana bei, na mwenye nia mbaya anajua kiasi cha kukutishia nacho. Kama anwani hiyohiyo uliwahi kuiweka chini ya jina lako halisi, au uliitumia kumlipa rafiki, jina la kazi na jina la nyumbani vimekutana.

Kanuni ya kwanza ni kutenganisha: pochi ya kazi peke yake, yenye maneno yake ya kurejesha (maneno ya siri yanayofungua pochi upya ukipoteza simu), isiyowahi kupokea wala kutuma kitu cha maisha yako mengine. Ya pili ni kutorudia anwani. Pochi nyingi za Bitcoin hukupa anwani mpya kila unapopokea. Kwenye Tron na Ethereum lazima ufungue akaunti mpya mwenyewe.

Lakini faragha ina bei, na miongozo mingi huiruka. Tuseme wateja 12 wamelipa dola 10 kila mmoja kwenye anwani 12 za Tron. Kila anwani inahitaji TRX yake ya kuhamishia. Ukizigawia zote kutoka pochi moja, umeziunganisha hadharani. Ukizikusanya zote mahali pamoja, umeziunganisha tena. Umelipa ada mara 12 ukaishia palepale. Kwa malipo madogo, mpango unaofaa zaidi ni anwani moja kwa mwezi, au anwani moja kwa kila mteja wa kudumu, pamoja na kiwango cha chini cha malipo. Bakshishi ndogondogo ziende kwenye Lightning, njia ya malipo madogo ya haraka ya Bitcoin: ada yake kwa kawaida ni ndogo, na malipo hayaandikwi moja moja kwenye daftari la umma.

Sarafu ya Monero huficha kiasi na anwani, lakini masoko makubwa kadhaa yameiondoa. Binance iliiondoa Februari 2024. Siri nzuri isiyo na mlango wa kutokea bado ni tatizo.

Mauzo moja, tangu bei hadi faili

1. Taja bei kwa dola, sarafu, mtandao na muda wa bei hiyo. Kwa Bitcoin, dakika 15 zinatosha. Kwa sarafu thabiti unaweza kutoa saa 24.
2. Nakili anwani, ibandike, kisha linganisha herufi za mwanzo, za katikati na za mwisho. Kuna programu haribifu zinazobadilisha anwani pale unapobandika.
3. Malipo makubwa yaanze na ya majaribio ya dola chache.
4. Angalia ndani ya pochi yako. Skrinshoti ya mteja si malipo. Bitcoin isiyothibitishwa inaweza kubadilishwa na mtumaji, kwa hiyo subiri uthibitisho mmoja wa mtandao, kwa wastani dakika 10, na uthibitisho sita kwa kiasi kikubwa. Tron huchukua dakika moja hivi.
5. Tuma faili au anza onyesho. Onyesho la kamera hulipiwa kabla, daima.

Kama itabidi urudishe pesa, mwombe mteja anwani ya kurudishia. Usirudishe kule zilikotoka, maana pengine alituma kutoka sokoni, na anwani uliyoiona ni ya soko wala si yake.

Utapeli utakaokutana nao

Mtu yeyote anaweza kutengeneza sarafu akaiita USDT. Bofya sarafu iliyoingia uone mkataba wake, yaani anwani ya programu iliyoitengeneza: ile halisi ya Tron huanza na TR7NHq na kuishia gjLj6t. Ikiwa tofauti, umetumiwa karatasi.

Anwani ya kufananishwa: tapeli anakutumia sehemu ndogo ya senti kutoka anwani yenye mwanzo na mwisho kama wa soko lako, ili siku moja uinakili kutoka kwenye historia. Usinakili kutoka historia kamwe.

Kuna "mteja" anayekupa maneno 12 ya pochi yenye dola 500 na kukuambia ujichukulie malipo. Dola unaziona kweli, TRX ya kuzihamishia haipo. Ukiitia, inapotea, kwa sababu ruhusa ya pochi hiyo imefungwa kwa ufunguo mwingine. Na yule anayelipa zaidi kisha kuomba kilichozidi umtumie mtu wa tatu, au anayetaka "umpokelee" ubaki na asilimia, anakutumia kusafishia pesa chafu. Mfungie.

Maneno yako ya kurejesha yaandike kwenye karatasi, nakala mbili, sehemu mbili. Usiyapige picha. Simu ya kazi huhifadhi picha mtandaoni hata usipokumbuka.

Daftari

Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa kripto habari yenyewe humfikia kwanza mtu wa kodi. Katika nchi nyingi mapato huhesabiwa kwa thamani ya siku uliyopokea, na faida au hasara ya kuuza baadaye huhesabiwa peke yake. Mistari sita inatosha kwa kila mauzo: tarehe, sarafu na kiasi, thamani yake siku hiyo, namba ya muamala, ulichouza, na jina la mtandaoni la mteja. Jina lake halisi usiliweke. Daftari likivuja, limvujie yeye kidogo iwezekanavyo.

Jaribu kwa miezi mitatu na wateja wa kudumu pekee, huku njia yako ya zamani ikiendelea. Mwishoni gawanya jumla iliyofika benki kwa jumla ya bei ulizotaja. Ikiwa asilimia hiyo inaizidi ile inayobaki baada ya makato ya jukwaa na madai ya kurudishiwa, ongeza wateja. Ikiwa chini, tazama kwanza ulitoa mara ngapi kwa mwezi, maana mara nyingi ndiko zilikoliwa.