Somo: Kuandika rekodi ndogondogo kwenye SSD bila kuichosha diski wala kupoteza data

Nimeandika somo hili kwa sababu swali lilelile hunirudia kila mara: kwa nini programu inayohifadhi rekodi za baiti 100 tu huifanya SSD mpya (diski ya chipu, isiyozunguka) iende taratibu? Jibu liko katika vipimo. Prosesa za x86-64 huvuta kumbukumbu kwa mistari ya kache (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya baiti 64, na agizo moja linaweza kugusa hata baiti moja; SSD hupokea data kwa sekta za baiti 512 au 4096; na ndani yake chipu za NAND, zinazobeba data yenyewe, huandikwa kwa kurasa ambazo mara nyingi huwa na KB 16, kisha hufutwa kwa bloku za megabaiti kadhaa. Ukidai rekodi moja ya baiti 100 ifike kwenye diski papo hapo, Linux kwa kawaida hupeleka ukurasa mzima wa baiti 4096, yaani takriban mara 41 ya ulichokusudia, bila kuhesabu maandishi ya mfumo wa faili wenyewe. Daraja kati ya vipimo hivyo hujengwa ndani ya programu.

Hatua ya 1. Tazama sekta za diski: `lsblk -o NAME,LOG-SEC,PHY-SEC`. `LOG-SEC` ni sekta ambayo diski huionyesha kwa mfumo, na `PHY-SEC` ni ile inayosema inaitumia ndani.

Hatua ya 2. Hakikisha patisheni (sehemu ya diski iliyogawanywa) imeanza mahali sahihi: `parted /dev/nvme0n1 align-check optimal 1`. Zana za sasa huanzia sekta ya 2048, na hapo hakuna tatizo. Windows XP ilianzia sekta ya 63, yaani baiti 32256, ambayo haigawanyiki kwa 4096. Diski iliyonakiliwa nzima kutoka mashine ya zamani hurithi kasoro hiyo.

Hatua ya 3. Chagua bloku ya programu yako, si ile ya NAND, iwe ya baiti 4096. Rekodi 40 za baiti 100 huchukua baiti 4000, na baiti 96 zinazobaki ziwekee namba ya mfuatano, idadi ya rekodi na namba ya uhakiki (checksum, inayokokotolewa kutoka data ili kugundua ikiharibika).

Hatua ya 4. Kusanya rekodi katika bafa (eneo la kumbukumbu la kusubiria), iandike kwa mkupuo mmoja, kisha ita `fdatasync`, inayosubiri hadi data ifike kwenye diski, mara moja. Bafa isipojaa ndani ya muda uliouweka, kwa mfano milisekunde 50, iandike hivyo hivyo. Usimjulishe mtumaji kwamba rekodi yake imehifadhiwa kabla `fdatasync` haijarudi bila hitilafu.

Hatua ya 5. Bloku ambayo haijajaa. Hapa ndipo nilipokosea, na naomba msome polepole. Muda ulipofika bafa ikiwa na rekodi 7, niliandika bloku hiyo. Rekodi ya 8 ilipokuja, niliiongeza katika bafa ileile na kuiandika bloku upya mahali palepale, nikidhani naokoa nafasi. Miezi ilipita bila shida, hadi umeme ulipokatika katikati ya uandishi. Diski ile ilikuwa na sekta za baiti 512, na haikuahidi kwamba sekta 8 za bloku yangu zingeingia zote au zisiingie kabisa. Nilikuta sehemu mpya na sehemu ya zamani katika bloku moja, namba ya uhakiki ikaikataa, na rekodi 7 ambazo wenyewe walikwisha kuambiwa ziko salama zikapotea pamoja na ile ya 8. Kwa hiyo, bloku iliyokwisha kuthibitishwa usiiguse tena: jaza sifuri sehemu iliyobaki, kisha uende bloku inayofuata. Usitegemee pia kwamba diski yenye sekta za 4096 itakulinda ukitumia bloku kubwa zaidi. Hifadhidata ya PostgreSQL, yenye kurasa za KB 8, na InnoDB ya MySQL, yenye kurasa za KB 16, huandika nakala ya ukurasa mahali pengine kwanza kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 6. Programu inapowaka, soma bloku moja baada ya nyingine na usimame kwenye ile ya kwanza ambayo namba yake ya uhakiki haikubali.

Hatua ya 7. Pima kwa `iostat -x 1`, ukiangalia safu za `w/s` (maandishi kwa sekunde) na `wareq-sz` (ukubwa wa wastani wa kila andiko) kabla na baada ya mabadiliko.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimefuata kila kitu, bado ni taratibu. Nisaidie haraka.

Jibu: Hujaweka matokeo ya hatua ya 1 wala ya 7. Yaweke hapa.

Swali: `w/s` ni ileile ya zamani. Naita `fdatasync` baada ya kila rekodi ili niwe na uhakika.

Jibu: Basi hukufuata hatua ya 4. Irudie.

Swali: Kujaza sifuri ni kupoteza diski bure. Mimi ningeandika juu ya bloku ileile.

Jibu: Nimeeleza kilichonipata nilipofanya hivyo. Nafasi hununuliwa, rekodi iliyopotea hairudi. Mzigo ukiwa mkubwa bafa hujaa kabla ya muda, na sifuri hizo huwa chache.

Swali: Mwalimu, nimejaribu kufungua faili kwa `O_DIRECT` ili nipite kando ya kache ya keneli (kiini cha Linux), lakini napata hitilafu ya `EINVAL` (hoja batili) ingawa urefu ni 4096 kamili. Nimekosea wapi?

Jibu: Umeuliza vizuri. Vitu vitatu hupaswa kulingana: urefu, mahali ndani ya faili, na anwani ya bafa katika kumbukumbu. Nadhani umeomba kumbukumbu kwa `malloc`, ambayo katika glibc ya biti 64 huhakikisha mpangilio wa baiti 16 tu. Tumia `posix_memalign` kwa 4096. Kumbuka pia kwamba `O_DIRECT` haichukui nafasi ya `fdatasync`, kwa kuwa data inaweza kubaki katika kache ya diski yenyewe.

Swali: Je, naweza kuibadili SSD yangu ya aina ya NVMe itoke sekta za 512 iende 4096?

Jibu: Baadhi huruhusu. `nvme id-ns -H` itakuonyesha miundo inayokubalika, na `nvme format` yenye `--lbaf` hubadili. Amri hiyo HUFUTA DATA YOTE. Weka nakala rudufu kwanza, na uhakikishe jina la diski mara mbili.

Swali: Na upande wa kusoma? Natumia `mmap`, inayolifanya faili lisomeke kama kumbukumbu, nagusa baiti chache huku na kule katika faili kubwa.

Jibu: Tatizo ni lilelile kwa upande wa pili. Ukigusa baiti moja ambayo haimo katika kumbukumbu, keneli huleta ukurasa mzima, na mara nyingi huvuta na kurasa za jirani kwa kudhani utazihitaji. Jaribu `madvise` na `MADV_RANDOM`, inayoiambia keneli kwamba unasoma huku na kule. Kisha panga vitu vinavyosomwa pamoja vikae katika ukurasa mmoja. Ukiweza kutuwekea muundo wa rekodi zako hapa, nitautazama.