Opsheni za hisa: kununua na kuuza usivichanganye

Kabla hujabonyeza kitu kwenye apu ya broka elewa hili kwanza, opsheni ni haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa mpaka tarehe fulani, na kontrakti moja ya opsheni za hisa Marekani kwa kawaida ni hisa 100, kwahiyo ukiona bei ya opsheni ni dola 2 ujue unalipa dola 200.

Tuseme hisa iko dola 50, unanunua koli ya 55 kwa hiyo dola 2, yaani haki ya kununua hisa kwa 55. Hasara yako kubwa kabisa ni hiyo 200, hisa ikifika 70 unatoka na faida 1,300, isipovuka 55 mpaka tarehe ya mwisho hela yote imeenda, na muda unakula thamani yake hata bei ikitulia tu.

Muuzaji anapokea 200 mapema na hapo ndo faida yake imeishia. Ila kabeba wajibu, mnunuzi akidai lazima atoe hisa 100 kwa 55 hata kama sokoni zimefika 200, kama hana hisa mkononi hasara haina kikomo kabisa!! Kwahiyo ukitaka kuuza koli uwe na hisa 100 zako tayari, na usiuze puti (yaani kumpa mwenzako haki ya kukuuzia hisa kwa bei mliyopanga) kama huna keshi ya kuzinunua hizo hisa zikiporomoka.