Rubani uliyeacha kazi, kabla hujagonga mlango wa zamani

Ukitaka kurudi kwenye shirika ulilojiuzulu, usianze na simu kwa kapteni mkuu. Anza na makaratasi yako. Kwa kanuni za kimataifa, cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa kawaida hudumu miezi 12, na ukifikisha miaka 60 ni miezi 6 tu (Marekani ni miezi 6 kuanzia miaka 40), kwa hiyo huenda kimeshaisha bila wewe kugundua. Kisha fungua logibuku, daftari la kumbukumbu za safari zako za ndege. Kanuni ya kawaida inadai uwe umepaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita ndipo ubebe abiria. Ukiwa umekaa nje mwaka mzima, utahitaji mazoezi ya simuleta (mashine inayoiga urukaji wa ndege) na mtihani wa ujuzi kwa aina ile ile ya ndege, na gharama yake si ya mchezo. Uliza mapema nani analipa, na kama utafungwa mkataba wa kulitumikia shirika miaka kadhaa.

Linalouma zaidi ni foleni. Kwenye mashirika mengi makubwa ya Marekani, ukijiuzulu namba yako ya ukongwe inafutika, na ukirudi unaanzia mkiani, chini ya vijana uliowafundisha mwenyewe. Ratiba, likizo na kiti cha ukapteni vyote vinafuata namba hiyo. Kaa na familia mlizungumze hili kwa uwazi.

Na kama barua ya kuacha kazi umeipeleka juzi tu, nenda leo ukaombe kwa maandishi kuiondoa. Ombi hilo ni jepesi kuliko kuajiriwa upya.