Ukienda Beijing, Forbidden City, lile kasri la kale la wafalme wa China, usiliendee kichwakichwa

Kwanza tiketi. Usifike getini ukidhani utanunua hapo, unabuku mtandaoni siku kadhaa kabla kwa namba ya paspoti, na hiyo paspoti siku yenyewe uwe nayo mkononi manake ndo tiketi yako. Jumatatu wanafunga, labda iwe sikukuu. Bei ni yuan 60 kuanzia Aprili mpaka Oktoba, miezi ya baridi 40.

Unaingilia geti la kusini tu, Wumen, unatokea kaskazini, so ukishapita kitu kurudi nyuma ni shughuli. Watu wengi wananyoosha katikati kwenye kumbi kubwa wanapiga picha wanasepa, mi naona wanakosa uhondo, kata kulia uende kwenye maonyesho ya saa za kale, unaongeza yuan 10 tu, kuna za Uingereza humo we acha.

Halafu cheki hii, mfalme Yongle aliyelijenga hili kasri, likaisha 1420, ndo huyohuyo aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415!

Vaa raba. Ukitoka vuka barabara upande kilima cha Jingshan, mapaa yote ya njano unayaona chini yako.