Ukiingia grupu la wafugaji, usianze na "msaada jamani"

Mwaka juzi vifaranga wangu 40 walianza kufa. Nikajiunga na grupu la WhatsApp la wafugaji wa kuku, na hata salamu sikutoa: "Msaada jamani, kuku wangu wanaumwa." Walijibu watu kumi na kitu. Mmoja akasema mdondo, mwingine ndui, wa tatu akanielekeza nichemshe mwarobaini. Hadi jioni nilikuwa nimefukia sita.

Kosa lilikuwa langu. Kesho yake nikaandika upya: vifaranga wa wiki tatu, chanjo ya mdondo walipata, tangu juzi wanajikunyata, kinyesi kina damu, maranda yamelowa pale penye vyombo vya maji. Nikaweka na picha ya kinyesi (ndiyo, kinyesi, mle hakuna anayeona kinyaa). Daktari wa mifugo ambaye sikuwahi kumwona akiandika chochote akajibu kwa mistari miwili: hiyo ni kuhara damu, toa maranda yote, nenda duka la dawa za mifugo uulizie amprolium.

Basi ukiuliza, taja umri, idadi, chanjo, chakula, dalili zilianza lini na dawa uliyokwisha kuwapa. Kabla ya hapo, tafuta neno "damu" au "mafua" ndani ya grupu. Mara nyingi kuna aliyeuliza wiki iliyopita na majibu yapo.

Simu nayo iandae mapema. Ingia kwenye mipangilio uzime picha na video zisijipakue zenyewe. Bando langu la wiki liliishia kwenye video za majogoo wa watu siku ya pili tu. Nyamazisha na milio. Halafu kumbuka namba yako inaonekana na wote. Atakufuata mtu faragha anauza kuku chotara kwa bei ya kutupa, ila utangulize nauli ya mzigo. Usitume. Jirani yangu alituma, banda lake liko tupu mpaka leo. Telegram angalau inakuruhusu kuificha namba.

Wiki ya kwanza wewe soma tu, utawajua wenye ujuzi na wenye maneno. Siku ukijibu, telezesha ule ujumbe kwenda kulia ili jibu lako lishikane na swali lake. Grupu moja linaweza kubeba watu 1,024. Ukiandika "ndiyo" peke yake, nani atajua unamkubalia nani? Mambo ya siasa na picha za "asubuhi njema", soma sheria za admini kwenye maelezo ya grupu. Wengine hukutoa bila onyo.

Na ukisaidiwa, rudi useme imekuwaje, maana yule aliyekujibu naye anataka kujua. Mimi nilirudi: kati ya 40 wamebaki 31. Mtu akaniuliza pale pale kama nauza.