Kabla mtoto hajaketi mbele ya kamera: ya kuzingatia kwa wanaoomba ruzuku ya chumba cha ushahidi wa video

Kabla hujaanza kuandika andiko la kuomba ruzuku ya chumba hiki, ambamo mtoto hutoa ushahidi kwa kamera akiwa mbali na ukumbi wa mahakama, nenda kakae kwenye kiti atakachokalia mtoto. Kaa dakika ishirini, mlango umefungwa. Utasikia pikipiki za nje, utamsikia karani akiita majina kwenye korido, na kama ni Machi au Aprili utasikia mvua juu ya bati. Niliwahi kuwapo hapahapa Arusha tukijaribu mitambo mipya kabisa, kamera inaonyesha hadi kope, mara mvua ikashuka. Binti tuliyemwomba atusomee hadithi akawa anasoma, na upande wa pili wanaona midomo inacheza tu. Fedha zilikuwa zimeishia kwenye kamera. Silingi bodi hakuna aliyeikumbuka.

Ndiyo maana nikiletewa andiko siku hizi naanza kusoma kwenye sauti, picha baadaye. Na hili ni suala la sheria kabla halijawa la ufundi. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, kilivyorekebishwa mwaka 2016, kinamruhusu mtoto wa umri usiozidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, lakini kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo lazima isikike na iandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Ziko kesi zilizoanguka kwenye rufani kwa sababu kumbukumbu hazikuionyesha. Sasa piga picha mtoto wa miaka saba anasema "naahidi" kwa sauti ile ya chini wanayoitumia mbele ya wakubwa, maiki iko mita mbili kutoka kinywani, na hakimu anauliza mara tatu, "Unasemaje?" Mara ya tatu mtoto ataamini amekosea. Kwenye makosa ya kujamiiana, ushahidi wa mtoto peke yake unaweza kutosha kumtia mtu hatiani, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Maiki ya kubana kwenye nguo ni bei ndogo kwa uzito huo.

Wengi wanaoniletea maandiko wamesoma habari za Marekani, na si vibaya, ila tuzisome mpaka mwisho. Mwaka 1990 Bunge la kule lilipitisha sheria ya kuyapa majimbo ruzuku ili watoto waliofanyiwa ukatili watoe ushahidi kwa runinga ya ndani ya mahakama au kwa kurekodiwa. Sheria hiyo ilitaja vifaa pamoja na mafunzo ya watumishi, vyote viwili. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu, katika shauri la Maryland v. Craig, ilikubali kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kukaa ana kwa ana na mshtakiwa. Lakini ikaweka sharti: mahakama ijiridhishe kwamba mtoto huyu, katika shauri hili, ataumia kihisia kwa kumwona mshtakiwa kiasi cha kushindwa kueleza. Woga wa kawaida wa mahakama hautoshi. Kwa hiyo hata huko fedha zilikotengwa, chumba hakijifungui chenyewe. Kuna mtu lazima aandike kuhusu mtoto mmoja mmoja. Hapa kwetu kazi hiyo inamwangukia afisa ustawi wa jamii, na ripoti yenye maneno "watoto wote huogopa" haimsaidii hakimu kitu. Andika kwamba tangu tukio mtoto ananyamaza akisikia sauti ya baba wa kambo, kama ndivyo ulivyoona.

Huku kwetu fedha zina njia nyingine: bajeti ya Mahakama, halmashauri, wafadhili, mikopo. Arusha ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, yaani jengo moja lenye mahakama za ngazi mbalimbali, kimoja kati ya vile 6 vilivyozinduliwa mwaka 2021 chini ya mradi uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, na mwaka huohuo zikatoka kanuni za kuendesha mashauri kwa mtandao. Kaonane na Mtendaji wa Mahakama kwanza, uulize kilichopo kinatumikaje na kina nafasi siku zipi. Nimeona shirika likitaka kununua skrini ya pili wakati ya kwanza haijawahi kuwashwa kwa ajili ya mtoto, kwa sababu tu hakuna aliyeomba. Wala tusijifanye mji wetu haujui mambo haya. Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilikaa kwenye jengo la AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa cha hapa mjini, hadi ilipofunga kazi mwaka 2015, na kanuni yake ya 75 ilitaja runinga ya ndani kama njia mojawapo ya kuwasaidia mashahidi walio hatarini.

Chumba chenyewe kisiwe na vitu vingi. Kiti kiwe kifupi, miguu ya mtoto iguse sakafu. Mtoto ambaye miguu inaning'inia huanza kuipiga kiti, na maiki hunasa kila kishindo. Kamera ionyeshe mtoto na yeyote aliye naye humo ndani, maana wakili wa utetezi ana haki ya kujua kwamba hakuna anayemkonyeza. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu mtu mzima amshike mtoto mkono, hata ampakate, lakini asimpe jibu, na sura ya mtu huyo irekodiwe muda wote ushahidi unapotolewa. Hilo tunaweza kuliiga bila ruzuku ya mtu.

Kisha ile skrini iliyo mbele ya mtoto, inaonyesha nini? Fundi atakwambia inaonyesha hakimu tu. Mwombe asimame mtu kizimbani, wewe kaa kwenye kiti cha mtoto uangalie. Mara nyingi pembeni hubaki kiwiko, au bega la shati. Kwa mtoto anayelijua hilo shati, kiwiko kinatosha.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni sauti ya mshtakiwa. Kwenye mahakama zetu za chini washtakiwa wengi hawana wakili, na asiye na wakili huuliza maswali mwenyewe. Umemficha sura, halafu sauti yake inatoka kwenye spika, nusu mita kutoka sikioni mwa mtoto. Zungumza mapema na wakili wa Serikali ili aombe maswali yapitie kwa hakimu. Haki ya mshtakiwa kuuliza inabaki palepale, ila mtoto anaulizwa na sauti nyingine.

Mtoto wa Longido au Monduli anaweza kuwa anaongea Kimaasai tu. Mkalimani awekwe kwenye bajeti kwa jina la kazi yake na siku zake, msimwokote mlangoni. Mkubaliane kabla atakaa upande upi. Mimi napenda akae na mtoto, aonekane kwenye kamera. Ajue pia kwamba mtoto akitumia neno la nyumbani kwa sehemu ya mwili, alitafsiri hivyohivyo lilivyo, asilipambe wala asiligeuze kuwa jina la hospitali.

Kumwandaa mtoto ni kumzoesha chumba. Ushahidi wake usiuguse. Aje siku mbili tatu kabla, aone kamera, abonyeze kitufe, aambiwe nani atakuwa kwenye skrini, na kwamba kusema "sijui" au "sikumbuki" si kosa. Mwambie akueleze alivyokwenda kisimani au mechi ya shuleni, usikie anavyosimulia. Ukianza kumuuliza habari za tukio lenyewe ili "kumnoa", umeharibu kesi, na wakili wa utetezi atakuwa sahihi kulipigia kelele.

Umeme sina mengi ya kusema: UPS (betri ya kushikilia mitambo umeme ukikatika), jenereta lenye mafuta, laini ya pili ya mtandao, na mtu mwenye funguo. Funguo hasa.

Lipo jambo linalonikera na hakuna kifaa cha kulitibu. Ushahidi wa makosa haya husikilizwa faragha, sheria inasema hivyo, watu wanatolewa nje. Wanatolewa waende wapi? Kwa mama anayeuza supu na chapati hapo getini. Mwaka mmoja tulimpitisha mtoto mlango wa nyuma, tukafunga mapazia, kila kitu kikaenda vizuri. Mchana mama yake akampeleka kula, wakajikuta benchi moja na bibi mzaa baba, mama wa mshtakiwa, aliyemshika mtoto shavu na kumuuliza, "Umewaambia nini?" Kwenye ukoo ambao watu wanataka yaishe kifamilia, swali hilo ni zito kuliko ya wakili yeyote. Tangu hapo naweka chakula kwenye bajeti, kiletwe ndani, na usafiri wa kumtoa mtoto na mama yake moja kwa moja hadi nyumbani. Mfadhili mmoja aliwahi kuukata mstari huo akisema hauhusiani na teknolojia. Urudisheni na maelezo, na risiti mtunze.

Mtoto akimaliza atauliza kama kesho atakuja tena. Mashauri huahirishwa, na shahidi anaweza kuitwa upya. Kwa hiyo kabla hajavua maiki, mmoja wenu amfuate wakili wa Serikali, aulize, kisha arudi na jibu lenyewe, hata kama ni "huenda ukaitwa mwezi ujao".